Kikohozi cha Ciakuthii

Mtoto akilia ndani ya seli, hata askari wa zamu hushindwa kumeza chai. Asubuhi hiyo ya Alhamisi aliyekuwa akilia katika kituo kimoja cha polisi mjini Meru alikuwa Ciakuthii, msichana wa miezi saba ambaye hajamkosea mtu duniani. Alikuwa ndani kwa sababu mama yake alikuwa ndani, na ziwa la mama halitumwi kwa posta.

Sajini Ednah wa upelelezi aliingia na kistuli chake mkononi, akakiweka karibu na mlango, akaketi. Mbele yake alikuwa Kiende, mjane ambaye hata mume wake hajazikwa. Kesho yake asubuhi angesimamishwa kortini ajibu kwamba alimuua Mutembei, baba wa mtoto huyo, kwa kumtilia dawa ya kunyunyizia viazi katika uji. Mkubwa wa kituo alisema faili imetosha. Ednah aliomba siku moja tu ya kuuliza zaidi, akapewa shingo upande.

"Nieleze tena," alisema.

"Nimeeleza mpaka mate yamekauka, madam. Jumapili tumetoka kanisani. Nikapika uji. Akamimina kwa flaski, akaenda nayo stoo. Mimi nikabeba mtoto nikaenda kumwona mamangu, ni mgonjwa. Kurudi jioni, watu wamejaa kwa boma, na Salesio, ndugu yake mkubwa, ananinyooshea kidole. Ananiambia, 'Umemmaliza.'"

"Mlikuwa mmegombana."

"Wiki iliyopita. Alienda kusikiliza magari ya watu na paa yetu inavuja. Nilipiga kelele, ndiyo, majirani wakasikia. Lakini kama kugombana ni kuua, kijiji chetu cha Kibirichia kingebaki na kanisa na viazi peke yake."

Askari aliyesimama nje alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Stoo alienda kufanya nini Jumapili?"

"Kusikiliza gari. Alisema kuna gari inaletwa asikilize redio yake. Hakuniambia ni ya nani. Niliwaambia hao wenzako wakasema hakuna gari iliyoonekana. Salesio pia akasema hakuna gari. Sasa mimi ni muuaji na tena mwongo."

"Gari lisikilizwe ndani ya stoo ya viazi?"

"Kwa sababu ya upepo, madam. Kwetu upepo haulali. Alikuwa akisema redio ya gari haisikilizwi nje kama mkutano wa siasa."

Ednah alitoka hapo na jambo moja tu: kama gari lilikuwepo, Kiende alikuwa na nafasi. Kama halikuwepo, hana. Na daktari wa hospitali hakuwa amesaidia upande wowote. Alimpasua marehemu akaona damu nyekundu kupita kiasi, na tumboni hakuona palipoungua kwa dawa. Zipo sumu zinazofanya damu kuwa hivyo, alisema. Uji uliobaki ulipelekwa Nairobi, na majibu ya Nairobi huja kama mvua ya ukame.

*

Konstebo Bundi ndiye aliyeendesha mpaka Kibirichia. Upepo wa mlima ulikuwa ukiwapiga makofi walipofungua mlango. Salesio aliwapokea langoni, mtu mrefu mwenye koti la baba yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mnatafuta nini tena? Muuaji mko naye. Mnamlisha."

"Pole kwa msiba, mzee," Ednah alisema. "Hatukuja kubishana. Nionyeshe alipolala."

Salesio aliwapeleka. Mtu asiyejua viazi angeshangaa stoo hiyo. Kuta za mawe zilizopakwa chokaa, hakuna dirisha hata la kupitisha kidole, na kila tundu limezibwa kwa matambara ya gunia, hata chini ya milango. Viazi vikiona mwanga hugeuka kijani na kuwa vichungu kama shubiri, kwa hiyo mkulima wa huko huziba stoo yake kuliko anavyoziba nyumba anayolala. Milango ilikuwa miwili, mipana, ya mbao. Pikapu huingia kinyumenyume ikapakia magunia.

"Nilimkuta hapa mlangoni, juu ya haya magunia," Salesio alisema. "Milango wazi, flaski kando yake. Nilikuwa shamba la chini tangu mchana. Nilimlea huyu, sajini. Mama alipokufa ni mimi nilimmalizia karo ya chuo." Akageuka, akatema mate pembeni kuficha uso.

Ednah aliingia ndani. "Bundi, funga."

Bundi alifunga. Giza likawa kama la ndani ya chungu. Ednah akasimama akingoja macho yazoee, yasizoee kitu. Hapakuwa na ufa wa mwanga hata mmoja. Kilichomfikia ni harufu. Aliwasha tochi, akaifuata harufu mpaka nyuma ya rundo la mwisho, na hapo akamkuta kuku juu ya kiota cha majani, mbawa zimetandazwa juu ya mayai, shingo imelala. Amekufa akiwa kazini.

"Fungua, Bundi. Mzee, huyu kuku ni wa nani?"

Salesio alichungulia. "Wa Kiende. Alikuwa akilalia. Ni kideri hiyo. Kideri inamaliza kuku huku."

Ednah alitoka nje, akatazama uani. Kuku walikuwa wakiparua chini ya ukuta, jogoo akijipiga kifua katikati yao.

"Kideri gani hii inayomchagua mmoja na kuwaruka wengine wote?"

Salesio aliwatazama kuku wale mmoja mmoja.

"Mzee, nakuuliza kama ndugu yako. Kuku huyu alikunywa uji wa nani?"

Bundi alivua kofia bila kuambiwa. Ednah alirudi ndani na tochi, sasa akitafuta chini. Magunia yalikuwa yamesukumwa kando, katikati pameachwa uwazi, na kwenye udongo palikuwa na mistari miwili ya magurudumu. Kwenye ukuta wa nyuma, chini, kiasi cha goti, chokaa ilikuwa na doa jeusi la mviringo kama sahani. Aligusa. Kidole kikatoka na masizi.

"Hiyo ni lori ya kubeba viazi," Salesio alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejiuliza.

"Lori likiingia hapa linatoka na paa kichwani, na pikapu ya magunia haifiki ukuta wa nyuma. Hapa palikuwa na gari dogo, mkia ukutani, injini inanguruma. Wewe ulisema kweli, mzee. Ulisema uliyoyaona. Sasa tunatafuta usiyoyaona. Nani alikuwa akimletea magari?"

"Watu wa Makutano. Walikuwa wakimfuata kama mganga." Salesio alimtazama kuku kwa muda mrefu. "Anza na yule wa bucha. Abubakar."

*

Abubakar alikuwa na bucha karibu na stendi ya Makutano, ambapo malori na matatu hupigiana honi tangu alfajiri mtu asimsikie mwenzake. Alipoona sare ya Bundi aliweka panga la nyama chini, akafuta mikono.

"Asalaam aleikum, mama. Afande. Nusu kilo ama mnakula macho?"

"Mutembei," Ednah alisema.

Uso ukamshuka. "Inna lillahi. Njooni nyuma."

Nyuma ya bucha alikuwa na gari lake la kubebea mbuzi, la kutoka Japani, redio ile ile lililokuja nayo. Waliingia wote watatu, yeye kiti cha abiria, Ednah kwenye usukani, Bundi nyuma na harufu ya mbuzi.

"Gari hili nilichaguliwa na Mutembei. Watu hudhani alipenda muziki. Wapi! Alipenda ukweli. Sikiliza, mama. Gari likitoka kiwandani, spika za milango yote zinaimba pamoja kama kwaya iliyofanya mazoezi. Likigongwa, fundi anabomoa mlango, ananyoosha, anapaka rangi, linang'aa kuliko mpya. Jicho linadanganyika. Lakini ile spika ya ndani fundi ameipasua, au ameweka ya sokoni, au ubao wa mlango haukurudi vizuri, unatetemeka. Mutembei anakwambia, 'Abu, hili liligongwa kushoto nyuma.' Na kweli! Ukimbana mwenye gari, anakubali."

"Alijuaje?"

"Toa kofia, afande, inakuziba masikio." Abubakar alichukua CD iliyokuwa juu ya kioo, akaiingiza. "Hii alinipa nakala. Alirekodi yeye mwenyewe kanisani kwao, kina mama wakiimba. Wimbo ni huo mmoja, ameurudia mpaka CD ikajaa. Funga vioo. Besi usiguse, alikuwa akisema besi ni poda, gari lipimwe limenawa uso."

Kelele za Makutano zikabaki nje kama mvua ya jirani. Kayamba ikaanza upande wa kushoto, mchanga ukipanda na kushuka. Sauti za akina mama zikajaa katikati. Ubeti wa kwanza ukaisha. Mwisho wa wa pili, kulia, karibu kabisa na kiwiko cha Ednah, mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kilichozibwa na leso.

Bundi aligeuka kutazama dirishani.

"Eeh, wote hugeuka," Abubakar alisema. "Huyo ni mama yake, Ciakuthii. Alikuwa amesimama kando ya maikrofoni ya kulia. Mwaka uliofuata akafa. Mutembei alisema, 'Gari likinificha mama yangu, halinifai.' Kikohozi kikisikika vizuri, nunua. Kikipotea, mlango huo una siri. Na mtoto alipozaliwa akampa jina la mama, kama desturi yao. Unajua alimwitaje yule mtoto? Mama. 'Mama amelala? Mama amekula?'"

Ednah aliacha wimbo ukaendelea. "Injini huwa imezimwa akisikiliza?"

"Kwanza imezimwa, kisha inanguruma. Umeme wa injini ukiwa mbovu, unaingiza mluzi kwenye spika. Vioo juu kabisa. Spika za nyuma anazinyamazisha, anapima mbele kwanza. Za mbele zikifaulu, ndipo anapeleka sauti nyuma."

"Jumapili gari la nani lilikwenda kwake?"

Abubakar aliizima redio. "Hilo ndilo linaniuma. Lilikuwa langu, yaani nilitaka kulinunua. Gari jeupe la mtu anaitwa Nyamu, wa Kanja, kule Embu. Nikamwambia alipeleke kwa Mutembei kwanza. Jioni akanipigia simu akasema hakufika Kibirichia, na gari haliuzwi tena."

"Aliongeaje?"

"Kama mtu aliyemeza mfupa."

"Na hukuja kutuambia?"

"Nije niseme nini, mama? Kwamba gari halikufika?"

*

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kanja ni ndefu na ina kona. Walipita Chogoria, wakapita Chuka, na adhuhuri ilikuwa imeinama walipoingia katika boma la Nyamu, kati ya kahawa na migomba. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole wa sura. Aliwaletea viti kabla hawajasema wametoka wapi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa turubai.

"Gari zuri," Ednah alisema. "Mbona umelivalisha?"

"Jua, madam. Inaharibu rangi."

Bundi alitazama mawingu yaliyokuwa yamekalia migomba. "Jua gani, mzee?"

"Jumapili ulikuwa wapi?" Ednah aliuliza.

"Hapa. Nilikuwa naokota makadamia."

"Jumapili?"

"Si… zilikuwa zimeanguka."

"Hukwenda Kibirichia?"

"Sijawahi kufika huko. Nasikia ni baridi."

"Toa turubai. Nataka kusikiliza redio."

Nyamu alisimama, akaketi, akasimama tena. "Redio haifanyi kazi, madam."

"Ni ile ya kiwandani?"

"Ya kiwandani. Haijaguswa. Lakini haifanyi."

Ednah alichukua ufunguo. Alifungua milango yote minne, akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo kidogo tu, redio iwake na injini ilale. Mwanamke wa Kijapani alisalimia kutoka kwenye redio, kwa adabu zake. Kisha kayamba ikaanza upande wa kushoto, na kina mama wa Kibirichia wakaimba.

"Huyu Mjapani amejifunza Kimeru lini?" Bundi aliuliza.

Nyamu alikuwa ameketi chini, kwenye majani mabichi, mikono kichwani.

Ednah hakumtazama. Alifunga milango, akapandisha vioo, akangoja. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Alielekeza sikio kulia, pale kiwiko kilipo. Hakuna mtu aliyekohoa. Aliongeza sauti, akarudisha wimbo. Hakuna. Aliinama mpaka shavu likagusa mlango. Kutoka ndani yake kulikuja mchakacho mkavu, kama karatasi inayokunjwa. Alitazama redio: sauti yote ilikuwa imesukumwa mbele, besi haikuguswa. Wimbo ukaisha, ukaanza tena, ule ule. Alizima, akashuka.

"Alikuwa akimtafuta mama yake," alimwambia Bundi. "Nenda chini ya gari."

Kisha akachuchumaa mbele ya Nyamu.

"Sema sasa."

"Sikumuua, madam."

"Sijasema umemuua. Sema."

"Nilimpelekea gari baada ya chakula. Tukaingiza kwa stoo. Akanisifu, akasema ni gari safi. Akaniambia niende nikanywe chai sokoni, yeye hataki mtu karibu, mtu akipumua anamsumbua. Akafunga milango mwenyewe, akaziba hata chini. Nilikaa huko, kulikuwa na mpira kwa televisheni. Kurudi, nasikia wimbo ni ule ule. Injini inanguruma. Nikafungua, nikaita, 'Baba Ciakuthii!' Nikadhani amelala kwa utamu. Nikamvuta nje nikamweka juu ya magunia, nikampepea na kofia. Nikampepea, madam. Hakuna."

"Ukaondoka."

"Nikaondoka. Nilijua itakuwa nini. Gari ya mtu ikiingia polisi kama ushahidi haitoki. Inakaa huko mpaka inaota nyasi ndani. Gari hii ndiyo shamba langu lote. Nikajisemea, ni moyo wake, Mungu amemwita, mimi sikumgusa."

Bundi, akiwa amelala chali chini ya gari, alijua huo si uongo. Kituoni kwao mboga ya mgagani ilikuwa imeota ndani ya magari.

"Na uliposikia mke wake amekamatwa?"

"Nilisikia Jumanne. Nikajisemea wataona hana makosa, watamwachilia."

"Yuko seli na mtoto anayenyonya."

"Mtoto?" Nyamu aliinua uso. "Sikuambiwa mtoto pia yuko ndani." Machozi yakamtoka, akayaacha yaende.

"Bomba la moshi limetoboka, sajini!" Bundi aliita. "Hapa hapa, chini ya kiti cha dereva. Na sakafu ina kutu, naona mpaka kapeti."

"Ulikuwa ukiendesha hivi hivi?" Ednah alimwuliza Nyamu. "Kichwa hakikuumi?"

"Kila safari. Nilikuwa nafungua dirisha, kinapoa."

"Na mlango huu wa kulia uligongwa lini?"

Nyamu alifuta uso kwa kiganja. "Mwaka jana, Runyenjes. Fundi akaweka spika ya sokoni. Hata mimi nikiisikiliza sioni tofauti. Nilijua nikimwambia, hanunui mtu."

"Yeye aliiona tofauti. Ndiyo maana hakutoka. Alirudia wimbo, akarudia, akimngoja mama yake akohoe, na moshi ukipanda miguuni. Ungemwambia ukweli pale mlangoni, angesikiliza mara moja akafungua stoo."

Nyamu aliinuka. Alikwenda kuleta koti lake.

Ednah alimpigia daktari simu hapo hapo, amesimama kati ya migomba. "Daktari, ile damu. Uliipima kwa moshi? Moshi wa jiko la makaa, ule unaoua watu wakiwa wamejifungia?"

"Hakuna aliyeniambia kulikuwa na moto."

"Hakukuwa na moto. Kulikuwa na gari."

"Hicho kipimo hakingoji Nairobi. Nitakupigia."

Sasa, wewe mwenye kijana na gari, sikiliza. Jiko la makaa tunalijua. Hakuna mama wa milimani asiyemwambia mtoto wake, toa jiko nje kabla hujalala. Lakini nani alimwambia Mutembei kwamba gari ni jiko? Moshi huo hauna rangi ukiingia kwako, hauna harufu ya kukuamsha. Unakuja na kichwa kuuma, unakuja na usingizi mtamu, na aliyelewa usingizi huo hadhani anakufa, hudhani amechoka. Redio nzuri isikilizwe, hakuna ubaya. Ila mlango uwe wazi.

Daktari aliwapigia wakiwa Chogoria wanarudi. "Ni moshi, sajini. Damu imejaa moshi. Uji hauna neno." Ednah, aliyekuwa kwenye usukani wa gari la polisi, alisema asante, akampa Nyamu kitambaa chake, maana alikuwa bado akilia kiti cha nyuma. Mbele yao Bundi aliliendesha gari jeupe vioo vyote vikiwa chini, kofia imevutwa mpaka masikioni, na aliposhuka Meru meno yake yalikuwa yakigongana hata hakuweza kutamka nambari yake ya kazi.

*

Mkubwa wa kituo aliisoma taarifa ya daktari akiwa amesimama. Aliisoma tena. Kisha akamwambia askari wa zamu afungue, na jua lilikuwa bado juu ya paa la ofisi Kiende alipotoka na mtoto mgongoni.

Uani kulikuwa na Salesio. Alikuwa amekuja na blanketi jipya la mtoto, na hakujua aliweke wapi. Alisimama mbele ya shemeji yake, mtu mrefu hivyo, ameinama kama anayeingia mlango mfupi.

"Kiende," alisema. "Mdomo wangu ulitangulia macho."

Kiende alimtazama. Akavuta pumzi ndefu. "Tutazika lini?"

"Siku utakayosema wewe."

Alichukua blanketi. Halikuwa jibu lote, lakini alilichukua. Ndipo akaliona gari jeupe kando ya uzio, karibu na yale mengine ya kuota nyasi.

"Ni hilo, madam?"

"Ni hilo."

"Alikuwa akisikiliza nini mwisho?"

Ednah hakuona faida ya kumficha, akamweleza yote. Askari mmoja alikuwa ameshaingia, ameshika ufunguo, anataka kuwasha injini awaonyeshe.

"Zima!" Ednah alipaza sauti mpaka watu dirishani wakageuka. "Shuka. Injini isiwake hapa kamwe. Fungueni milango yote."

Walifungua. Kiende aliketi pale alipokaa mume wake, mtoto mapajani. Kayamba ikaanza. Kina mama wakaimba. Salesio alishika mlango wa kulia kwa mikono miwili, maana zilikuwa sauti za watu anaowajua mmoja mmoja. Ubeti wa pili ukaisha. Mchakacho tu.

"Mama hayupo," Kiende alisema.

"Spika hiyo ni ya sokoni," Ednah alisema. "Hawezi kusikika hapo."

Kiende alitazama redio kidogo. Kisha, kama alivyomwona mume wake akifanya katika magari ya watu, alinyoosha mkono akazungusha kitufe, akaitoa sauti mbele, akaipeleka yote nyuma. Akarudisha wimbo mwanzo.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Na mwisho wake, kutoka mlango wa nyuma wa kulia, safi kama mtu aliyeketi pale na leso mdomoni, Ciakuthii mkubwa akakohoa.

Ciakuthii mdogo aligeuza kichwa akatazama kiti cha nyuma, kuona ni nani.

"Alikuwa hapo nyuma tu," Kiende alisema polepole, akimwambia mtu asiyekuwepo. "Baba Ciakuthii. Hapo nyuma tu."